Sabahat Hafanyi Kazi

Sabahat alianza kazi akiwa na miaka kumi na minne, katika kiwanda cha hariri kilichokuwa mwisho wa mtaa wetu hapa Bursa, Uturuki. Alizamisha vidole kwenye maji ya moto, akatafuta ncha ya uzi wa kifukofuko, ile nyumba anayojisokotea kiwavi wa hariri, akauvuta. Mimi nilikuwa mtia rangi, upande wa pili wa ua. Mwezi wa sita mtaa mzima ulinuka vifukofuko, na aliyeukimbia mvundo ule tulijua si mwenzetu. Kiwanda kilipofungwa, hakuna aliyepewa hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuingia pale. Siku hizi ni ukumbi wa mikutano, umepakwa rangi ya samli, nami ndiye mshika ufunguo, kwa kuwa wengine wamekufa.

Mumewe, Rafet, alikuwa mshona matandiko ya farasi. Farasi wakaisha. Kwa miaka thelathini Sabahat ameilisha nyumba kwa sindano, akitia nakshi pembeni mwa vitambaa vya kichwani vya tajiri mmoja wa sokoni, na Rafet ameshinda mkahawani akisema mke wake hakosi kitu. Mtaa wote ulijua. Hakuna aliyesema, maana kusema mke wa fulani anafanya kazi ni kusema fulani hawezi kumlisha, na sisi tulilelewa tusimvue mwanamume nguo mbele za watu. Niliiita heshima.

Mwaka juzi ikaja semina. Wanafunzi tisa Waholanzi, siku kumi na mbili, kujifunza habari za wanawake na kazi katika nchi yetu. Mimi niliyejisomesha kwa magazeti ya kufungia nyuzi nilicheka. Siku kumi na mbili hazitoshi kujifunza kutia rangi nyekundu. Lakini mwalimu wao, Behice, binti wa Ankara, alikuja na jambo la maana. Alikuwa amepata wakili wa kuwatetea bure wanawake wanaoshona majumbani, ili matajiri wawaandikishe na wapate pensheni. Kila mwanamke angeulizwa, sauti yake ingerekodiwa, na wakili angeanzia hapo.

Sabahat alikuwa na miaka sitini na miwili, na macho yalikuwa yanazima. Aliniambia kando, "Kaka, nikiipata hiyo pensheni nitaiweka sindano chini. Nisipoipata nitashona mpaka nipofuke, halafu sijui."

Siku ya kuulizwa ukumbi ulijaa. Rafet naye akaja, kwa chai ya bure, akaketi mstari wa mbele, kofia gotini. Nefise, mjane wa nyumba ya tatu, aliulizwa kwanza. Akajibu kwamba anafanya kazi kuliko punda, na punda angalau hufunguliwa jioni. Watu wakacheka. Ikafika zamu ya Sabahat. Behice akamuuliza kama anafanya kazi. Sabahat akamtazama mumewe. Rafet alikuwa anaitazama kofia.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Sifanyi kazi. Mume wangu ananitunza. Sindano ni ya kupitisha muda tu."

"Muda gani huo, shoga, miaka thelathini?" Nefise akadakia. "Vidole vimetoboka kama chujio."

Behice akanigeukia mimi, mzee wa mtaa, akataka kujua lipi ni la kweli. Nikasema mimi sijui ya nyumba ya mtu. Rafet akanishukuru kwa kichwa.

Wiki iliyofuata, wageni wakiwa wameshaondoka, Sabahat aliniomba nimsindikize kwa wakili. Kijana mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuwekea ile sauti. Sifanyi kazi. Mume wangu ananitunza.

"Mama, tajiri alikuwa na watu wake pale ukumbini," akasema. "Wataiomba hii kabla ya kitu kingine chochote. Na huyu mzee, ambaye angekuwa shahidi wako, naye yumo."

Nilikuwemo. Nilisikika vizuri kabisa.

Tulirudi kwa miguu. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Nefise ameshaandikishwa. Rafet bado yuko mkahawani, na mke wake bado hakosi kitu.

Kila asubuhi mimi huenda mlangoni kwa Sabahat kumtungia sindano kumi za kutwa. Nyuzi za nailoni, rangi za kiwandani zisizovumilia hata jua la mwezi mmoja. Jana alinyoosha uzi kwenye mwanga akaniuliza kama ni wa kijani au wa bluu. Ulikuwa mwekundu. Nikautunga, nikampa.