Mama Mkwe Aliniuliza Swali Kwenye Kiti cha Sindano

Admin, naomba unifiche kabisa. Wifi yangu yumo humu na hakuna posti inayompita.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, naishi mtaa wa Jamhuri na mume wangu, mtumishi wa serikali. Nauza mapazia mjini na mdomo ninao, mteja hanishindi kwa maneno. Ndiyo maana najichukia, kwa sababu siku niliyohitaji neno moja tu, nililikosa.

Miaka kadhaa iliyopita tulizaa binti yetu wa kwanza. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na nyanya mwenyewe ndiye humpakata na kumwita jina hilo. Mama mkwe alikuja kutoka Kitui, akampa jina lake, akabaki kunisaidia. Alimwogesha, akamwimbia, akalala naye ili nami nipate usingizi. Kisha mtoto akaanza kukohoa, akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Alifariki kabla hajafikisha umri wa sindano zake za kwanza za kliniki. Daktari alisema ni kifaduro. Tulizika, na ugonjwa huo hatukuutaja tena nyumbani.

Nilipopata mimba nyingine niliapa sitarudia msiba ule. Mimi nilichanjwa, mume wangu akachanjwa, na mama mkwe alipokuja kunitembelea nikamwomba naye achanjwe kabla mtoto hajazaliwa. Hakubishana. Alifunga kitambaa chake kizuri kichwani, tukaenda kwenye duka moja la dawa katikati ya jiji lenye chumba cha sindano huko nyuma. Mfamasia, binti mpole sana, akamweleza kwamba sindano ni moja tu na inakinga pepopunda, dondakoo na kifaduro. Mama akauliza mzee kama yeye anachanjiwa nini ugonjwa wa watoto.

"Shosho, hawa watoto wadogo huambukizwa na sisi watu wa nyumba," yule binti akamjibu, bila ubaya wowote. "Wewe unaweza kuwa na kikohozi tu ya kawaida, lakini ikifika kwa mtoto inakuwa mbaya sana."

Mama alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi. Alidungwa na hata hakukunja uso. Kisha akanigeukia, akasema polepole, "Wakati ule mimi nilikuwa nakohoa. Ni mimi?"

Mimi, mwenye mdomo wangu wote, nilitazama sakafu. Mama alisubiri kidogo, akashusha mkono wa blauzi, akaomba nimpeleke stejini apande gari arudi kwake. Hata chai hakutaka.

Mtoto amezaliwa, ni msichana, mzima kabisa. Kwa kuwa dada yake hakukaa, jina linapaswa kuwa lile lile la nyanya. Lakini nyanya hataki kuja. Anasema mikono yake haifai kushika mtoto. Alimwambia mume wangu, "Mpeni jina lingine. Langu lilishazikwa." Shemeji zangu wanasema mama hali tena chakula vizuri. Mume wangu ananilaumu mimi, ati nilimpeleka mama yake mjini kuaibishwa na watu wa dawa. Siku hizi anaongea nami kuhusu nepi tu.

Sasa nawaambia nisichoweza kumwambia mtu yeyote. Mama alikuja kwetu akiwa mzima. Aliyekuwa akikohoa kabla yake ni mume wangu. Nilifua mashati yake na kutoa mifukoni peremende za kikohozi, naye akasema ni vumbi la mafaili ya ofisini, nikaamini. Kila akitoka kazini alimlaza mtoto kifuani. Mama alianza kukohoa baadaye. Daktari hakusema ni nani aliyeambukiza, na siwezi kuapa, lakini nani alitangulia kukohoa nakumbuka vizuri.

Mume wangu hajawahi kuwaza hivyo hata kidogo. Nikimwambia mama kwamba si yeye, lazima atauliza ni nani basi, na huyo ni mwanawe. Nikinyamaza, mama ataingia kaburini akiamini alimuua mjukuu wake. Mume wangu naye bado anamlaza huyu mdogo kifuani kila jioni, na ndiyo furaha pekee ninayoiona usoni mwake. Nimemaliza kulia, sina tena machozi.

Jana mama alipiga simu, akaomba niiweke karibu na mtoto amsikie akipumua. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akakata bila kumwita jina lolote.

Ninyi mliozaa na mliozika, nimtue nani mzigo huu na nimtwike nani? Niambieni upesi. Mtoto wangu bado hana jina.