Wajomba wa Mtama

Kaka yake babu alipozikwa mwaka jana, wajomba walikuja kutoka upande wa Oyugis, watu kumi na mmoja, na wote walikuwa na njaa. Kwetu Wajaluo mjomba wa marehemu hachezewi. Anapewa kiti cha mbele, anapewa mbuzi wake, na akishika maiki hakuna wa kumkatiza hata akirudia maneno mpaka jeneza lichoke. Msemaji wao, mzee wa kofia ya ngozi, alirudia mara tatu vile "binti yetu" aliolewa kwa hii boma kwa heshima. Huyo binti alikuwa mama yake babu. Babu mwenyewe alikuwa amejificha nyuma karibu na masufuria, na mimi niliyekuwa naosha vikombe nilimsikia.

"Mwongo," alisema polepole. "Kula tu. Kula ukufe."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana mizaha yangu yote nimeitoa kwake.

Miezi michache baadaye nilifukuzwa shule wiki mbili. Nilikuwa nimemwigiza naibu wa mwalimu mkuu mbele ya paredi nzima, mpaka kile kikohozi chake, bila kujua amesimama nyuma yangu. Mama hakuniongelesha. Baba aliniongelesha sana. Babu peke yake ndiye alifurahi.

"Vizuri," akasema. "Sasa nina mtu wa kunisomea."

Ndipo aliniambia. Wale si wajomba. Mama yake aliletwa kwao akiwa msichana wa miaka kama kumi, kutoka ng'ambo kwa Wakuria, wakati wa njaa. Waliomnunua walimpa kuni, maji na watoto wao wa kubeba. Alipokua wakamwoza kwetu, wakachukua ng'ombe kama baba mzazi anavyochukua. Ndiyo maana maisha yake yote aliitwa nyar wa kijiji chao, yaani binti wa kule, vile kila mwanamke aliyeolewa kwetu huitwa kwa jina la kwao. Yeye aliitwa kwa jina la watu waliomnunua. Hilo neno kununua alimwambia babu mara moja tu, akiwa mgonjwa, na hakusema kwao ni wapi.

"Mimi niko karibu kuondoka," babu akasema. "Sitaki yule wa kofia akule mbuzi yangu. Nitafutie nera wa ukweli." Nera ni mjomba.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Usiku ule nilihesabu vitu nilivyokuwa nafanya nikiwa na kumi: kupoteza soksi, kuiba sukari, kulia nikinyimwa remoti. Nikakasirika hasira ambayo sikujua nitaiweka wapi.

Tulianzia kwenye misheni ambako mama yake alibatizwa, si mbali na Homa Bay. Katibu wa ofisi, mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alitutolea madaftari ya zamani yanayonuka panya.

"Mnatafuta msichana wa wapi?"

Babu akajibu bila kufikiri: wa kile kijiji cha upande wa Oyugis. Basi tukapoteza asubuhi mbili tukipekua wasichana wote wa kijiji hicho. Hayupo. Babu akaanza kusema wazungu walimsahau. Mimi nikafunga daftari, nikamgeukia.

"Babu, sisi ni wajinga. Tunamtafuta kwa wezi."

Alinitazama kama atanipiga na fimbo. Halafu akasema, "Fungua huko kwa Wakuria."

Tulimpata kabla ya chai. Mwandiko wa yule padri ulikuwa mbaya kabisa, herufi zimelaliana kama mbuzi kwenye mvua. Katibu alishindwa kuusoma. Mimi nilisoma moja kwa moja, kwa sababu ni mwandiko wangu. Walimu wangu wangelia. Pembeni kulikuwa na jina la baba yake babu, mume aliyemwoa baadaye, kwa hiyo hapakuwa na shaka. Jina la msichana la Kikuria lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake limeandikwa la ubatizo. Chini yake: amenunuliwa kwa mtama wakati wa njaa. Kilima cha kwao kimetajwa. Mahari imepokelewa na mwenye kumtunza. Na kwenye nafasi ya baba: hajulikani.

Nilisoma mara mbili. Padri alijua ni mtama. Si mahindi, si wimbi, ni mtama. Alijua kilima. Lakini kumuuliza mtoto baba yako anaitwa nani, kalamu ikaisha wino.

"Mwenye kumtunza!" nilisema kwa sauti, na katibu akaniambia niteremshe sauti, hii ni nyumba ya Mungu. Nikamwambia basi Mungu asikie vizuri.

Kilima chenyewe kiko upande wa Ntimaru. Tulienda babu, mimi na debe dogo la unga. Nyanya alikuwa amesema mtu haendi kwa wajomba mikono mitupu, akatupimia unga wa mtama mwekundu, ule anaosaga mwenyewe, zawadi ya heshima. Sokoni tulitaja kilima, watu wakatuelekeza boma moja chini yake. Tulimkuta mzee wa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akipanga majani ya tumbaku. Yeye hajui Kijaluo, sisi hatujui Kikuria, kwa hiyo ugomvi wetu wote ulifanyika kwa Kiswahili.

Babu alimsalimia, akamwambia tumetoka mbali, tunatafuta watu wa mama. Akamkabidhi debe. Mzee akafunua, akatia kidole, akanusa. Akasimama.

"Toa hii nje."

"Mzee, ni zawadi."

"Nimesema toa nje ya boma! Nani amewatuma?"

Mimi nilichukua lile debe, nikalitupa nje ya mlango wa boma kwa kelele, nikarudi nikiwa nimejaa maneno.

"Ni unga tu! Nyanya yangu amesaga kwa mikono yake! Kama hutaki wageni, sema!"

"Mtama haupikwi hapa," akasema. "Tangu baba yangu. Alikataza. Hata kuku hawapewi."

"Kwa nini?" babu akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mzee alikaa tena kwenye tumbaku yake. "Kulikuwa na njaa. Baba alikuwa mdogo, hawezi hata kusimama. Dada yake akapelekwa kwa Wajaluo, ukarudi mtama. Baba akakula, akapona. Alipokua akaambiwa alikula nini." Akavunja jani moja katikati. "Akaapa."

Hatukuwa tumemwambia neno lolote la msichana kununuliwa kwa mtama. Babu akataja lile jina lililokatwa. Mzee akalirudia, akataja na la baba ya msichana, yule hajulikani. Anajulikana. Ana kaburi, liko nyuma ya zizi.

Pale ningelia kama mtu wa kawaida. Badala yake nikapiga kelele.

"Kwa hiyo ni nyinyi mlimuuza!"

Fimbo ya babu ilinipata kwenye goti. Lakini mzee hakukasirika.

"Ndiyo, mjukuu. Tulimuuza. Baba yangu alimla dada yake kwa vidole vitano."

Babu akamwomba aje siku ya mazishi yake, akae kiti cha mjomba badala ya baba yake. Mzee akakataa. Hii boma haikuwahi kuona ng'ombe wa yule msichana, akasema. Kwao bado hajaolewa. Atakaaje mjomba kwenye mazishi ya mtoto wa binti ambaye hajatoka nyumbani?

Njiani kurudi niligombana na babu mpaka Migori. Walimuuza, nikamwambia, na sasa tuwalipe? Wale wengine walimnunua, wakachukua ng'ombe juu yake, wakala mbuzi za matanga yote, na hawa nao wachukue? Kila mtu anakula kwa mgongo wake!

"Hawa walikuwa na njaa," babu akasema. "Wale walikuwa wameshiba. Na wewe funga mdomo, ni mama yangu."

Wiki iliyofuata ndama jike mwekundu, mpenzi wa babu kuliko sisi wote, alisafirishwa kwa pikapu hadi Ntimaru. Babu, mzee wa miaka themanini na zaidi, alilipa mahari ya mama yake. Yule wa gambuti alimpokea ndama mlangoni, akasema kitu kwa Kikuria akielekea nyuma ya zizi. Halafu akamwambia babu, "Sasa nitakuja. Lakini usiharakishe."

Habari zikafika Oyugis, maana kwetu habari hazina breki. Mzee wa kofia akaja kuuliza siku ya mazishi ya babu wao watakaa wapi.

"Na wageni," babu akamwambia. "Chai itakuwepo."

Siku moja kabla ya kurudi shule tulienda misheni kuomba ule ukurasa usahihishwe, tupewe na nakala. Katibu alisema kitabu hakiwezi kusahihishwa, ni kumbukumbu. Babu akaanza kukohoa, kikohozi cha naibu wa mwalimu mkuu kabisa, nilimfundisha mwenyewe. Katibu akakimbia kutafuta maji.

Babu alinitazama. Nilichukua kalamu, nikakata neno hajulikani kwa mstari mmoja, kama yule padri alivyokata jina la mtoto, na juu yake nikaandika jina la baba yake. Herufi zikalaliana vizuri.

"Soma," babu akaniambia.

Nikasoma. Akaniambia nisome tena.