Wote Wanaumwa na Tumbo

Katika zahanati moja mjini Kakamega hakuna mwanamke anayeumwa na uke. Wote wanaumwa na tumbo, na neno hilo limemchosha nesi Muhonja hadi mifupani.

"Tumbo gani, mama? Ya chakula ama ya mtoto?"

Mama anatazama sakafu. Kisha yanatoka polepole: anawashwa, anatokwa na uchafu mweupe, mzito kama maziwa ya mala. Amejiosha kwa chumvi na sabuni ya kufulia. Kwenye duka la dawa alisema ni tumbo, akauziwa dawa ya minyoo.

Muhonja anampima, halafu anarudia maneno ya asubuhi nzima. Hii ni fangasi, na dawa yake ni kidonge cha kuingiza ukeni. Yakiwa majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki, hao ni bakteria, na dawa yao ni nyingine. Sabuni isiingie ndani kabisa. Uke hujisafisha wenyewe.

"Na useme uke, mama. Si matusi!"

Jana jioni, miguu ikimuuma, Muhonja alibisha mlango wa Khaemba, daktari mpya wa chumba cha pili, kijana wa rika la mwanawe. Wiki nzima Muhonja alikuwa akiwashwa na kukalia upande mmoja, na dawa aliyojichagulia haikusaidia.

"Karibu, Sista. Shida ni nini?"

Muhonja akatazama sakafu.

"Ni tumbo tu, daktari."