Tuliruka Ukuta wa Uwanja Wetu Wenyewe

Nakumbuka Jumapili moja ya mchujo, jua la Machakos likiwaka, nami nimening'inia juu ya ukuta wa uwanja, glovu zangu nimeziuma kwa meno, na geti liko wazi pale pale karibu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijakuzidi miaka mingi. Mpira huzeesha mtu mapema, na kipa akishavunjika bega huitwa mzee kabla hata ya kuota mvi. Mimi si msemaji, wewe unajua. Lakini jana jioni nilisikia kutoka kwako kwamba vijana mmeanza tena yale maneno ya geti, na mchujo wenu ni Jumapili hii. Nimechoka kunyamaza.

Msimu ule tulimaliza ligi karibu na mkia. Sheria ni ile unayoijua: timu iliyo katika nafasi hiyo inacheza mechi mbili na timu inayotaka kupanda kutoka daraja la chini, na atakayeshinda ndiye anayekaa ligi kuu. Mkondo wa kwanza, kule kwao, tulitoka sare. Wa pili ulikuwa hapa kwetu. Nusu ya wachezaji walikuwa wameacha kazi za viwandani kule Mavoko ili wacheze mpira, na klabu ilikuwa imesema wazi kwamba tukishuka haitaweza kutuweka. Kila mtu alijua anachezea nini.

Kocha wetu alikuwa Kioko, mtu wa Muthetheni, magoti yake yameharibiwa na viwanja vya mawe alivyochezea ujanani. Alikuwa amepanda gari akaenda kuwatazama wale wapinzani wakicheza, na wiki nzima alirudia jambo moja tu: "Jumapili mfike mapema. Niko na kitu cha kuwaonyesha kuhusu kona zao."

Hapo ndipo ilipoingia kamati ya ufundi. Unaijua. Haina ufundi wowote. Ni wazee wachache wa mashabiki wanaokaa pembeni kunong'onezana habari za kamuti, yaani dawa za uchawi. Mkubwa wao alikuwa Bwana Ndolo, mwenye duka la mabati na misumari, mtu mwema kabisa katika mambo mengine. Basi letu liliposimama nje ya uwanja, akaja akaingiza kichwa dirishani.

"Vijana, msipite getini. Wale watu wamezika kamuti hapo usiku."

"Nani amewaona?" Kocha akauliza.

"Coach, mambo haya hayaonekani."

"Kama hayaonekani, wewe umeyaonaje?"

Tulicheka basi zima. Lakini hakuna aliyeinuka kwenda getini. Nahodha wetu, Mutua, mshambuliaji tuliyemtegemea, akajikuna shingo.

"Coach, mimi siamini hayo mambo. Lakini kwa nini tujaribu leo? Kuruka ukuta ni dakika moja tu."

"Hata mimi siamini," mwingine akasema, huku akifunga kamba za viatu ili apande vizuri.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, mwanangu. Ungetuuliza mmoja mmoja ungepata timu nzima isiyoamini kamuti. Na timu hiyo hiyo isiyoamini ilikuwa inavaa jezi nyuma ya basi, mbele ya akina mama wauza mahindi, kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo nacho, eti, kilikuwa kimenyunyiziwa kitu.

"Asi! Kipa, hiyo miguu ni yako ama umeazima kwa korongo?" mama mmoja akapaza sauti, na wenzake wakashika mbavu.

Kocha alijaribu kuzungumza nasi pale pale. "Nisikilizeni. Kona zao..." Mashabiki wakapuliza vuvuzela. Akaanza upya. Lori likapiga honi. "Tumekusikia, Coach," tukasema. Hatukuwa tumesikia chochote.

Mutua akatangulia kuruka. Upande wa ndani, nyuma ya vyoo, kulikuwa na mawe ya ujenzi yaliyosahauliwa pale. Akatua juu ya jiwe, kifundo cha mguu kikageuka, akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Na sisi wengine, badala ya kurudi kupita getini kama watu, tukaendelea kuruka, tukimkwepa yeye alipolala.

Nikiwa juu ya ukuta nikatazama ng'ambo ya uwanja. Wageni nao walikuwa wanaruka ukuta wa upande wao! Mmoja kaptura yake imenaswa na waya, wenzake wanamvuta. Wao walikuwa wameambiwa kwamba Ukambani kila geti lina kamuti, na ya siku hiyo imezikwa kwa ajili yao. Kwa hiyo timu mbili za watu wazima, zenye mikataba na makocha, ziliingia uwanjani kama wezi wa kuku. Getini alipita refa na wasaidizi wake, akapita mbwa, na nyuma yao Kocha Kioko akichechemea peke yake.

Mutua alifungwa bandeji, akajaribu kukanyaga, akaketi. Nafasi yake akapewa Musyoka, kijana mwenye mbio nyingi lakini mgeni kwetu. Kwa kawaida tukipigiwa kona, Mutua ndiye alikuwa akirudi kulinda nguzo ya karibu. Hakuna aliyemkumbusha Musyoka. Tulicheza vizuri, usidhani tulizidiwa. Mechi ilikuwa inaelekea penalti, na mimi penalti sikuwa naziogopa. Basi wakapata kona. Namba sita wao akakimbilia nguzo ya karibu, hakuna mtu wa kumzuia, akaugusa mpira kwa kichwa. Niliuona ukiwa umeshanipita.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tuliingia chumba cha kubadilishia nguo. Sasa hakuna aliyeogopa kilichonyunyizwa. Sakafuni tulikuta chupa za maji zimepangwa. Zenye vizibo vya buluu ni sisi, vyekundu ni wao, na viatu viwili vya zamani vilikuwa nguzo za goli. Ilikuwa kona yao, kila mtu mahali pake. Kocha alikuwa amekuja kuipanga asubuhi, kabla ya kurudi kupanda basi nasi.

Musyoka alikuwa na kiu, wala hakutazama vizuri. Akainama akachukua chupa ya kizibo chekundu iliyokuwa karibu na kiatu.

"Kunywa," Kocha akamwambia. "Kunywa tu, kijana wangu. Huyo ndiye namba sita. Tangu asubuhi nimemweka hapo awasubiri."

Musyoka akabaki ameishika. Hakunywa, wala hakuirudisha.

"Kushindwa hakunikasirishi," Kocha akasema. "Ndolo anaamini hayo mambo yake, na simlaumu. Lakini ninyi hamuamini! Mliruka kwa sababu mlitaka tukishindwa pasiwe na wa kuwaambia 'ni wewe uliyepita getini.' Mliogopa lawama. Sasa mbona mmeipata?" Akanigeukia mimi. "Na wewe kipa. Jana uliniambia ni upuzi. Leo mbele ya wenzako ulimi ulienda wapi?"

Nilikuwa navua glovu.

Tulishuka daraja. Kocha aliachishwa kazi, akarudi Muthetheni kwenye maembe yake. Mutua anaendesha boda boda Kangundo, na ule mguu bado unamuuma kukiwa na baridi. Na Bwana Ndolo, Mungu anisamehe, mpaka leo anaeleza dukani kwake kwamba tulishindwa kwa sababu Kocha alipita getini akaikanyaga kamuti. Utafanya nini na mtu kama huyo? Mimi hununua misumari, nikatoka.

Basi, mwanangu, sikuombi ugombane na wazee wa kamati. Wasalimie, wape heshima yao, kisha upite zako. Ninachokuomba ni kwamba kama jambo huliamini, usilifanye ili tu ufanane na wenzako. Sema mapema, mbele yao, hata kama sauti inatetemeka, maana kuninong'oneza mimi jioni hakumsaidii mtu. Na mtu aliyejitaabisha kukuandalia kazi, nenda ukae mbele yake umsikilize mpaka amalize. Mchujo hauna wiki ijayo. Makosa ya ligi yana mechi nyingine ya kuyarekebisha, lakini haya utatembea nayo.

Mungu akupe miguu mizima na ujasiri wa kusema ukiwa peke yako. Akuepushe na bao la dakika za mwisho, na kama likija, likukute umefanya yote uliyoyajua. Mama yako akae jukwaani Jumapili akuone ukicheza, na jioni urudi nyumbani ukiwa bado mchezaji wa ligi kuu. Amina.