Sindano ya Taya na Muratina ya Wazee wa Kimbo

Nikikumbuka siku ile mashavu yananiwaka upya, na sasa hata ganzi ya kunisaidia sina.

Taya langu lilikuwa limenitesa muda mrefu, kila nikipiga miayo linalia na kukwama, basi asubuhi ya ruracio yangu, siku ya posa mbele ya wazee, badala ya kumsikiliza mama aliyeniambia ningoje sherehe ipite, nikatoroka hadi kliniki moja mjini Thika nidungwe sindano kwenye kiungo chenyewe, karibu na sikio, ili nitabasamu vizuri kwenye picha (eti picha). Daktari alinionya kwamba ganzi huenda ikasambaa usoni, nikalale, nisinywe chochote hadi iishe. Nikaitikia, nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani Ngoingwa.

Nilipopiga magoti mbele ya wazee waliotoka Kimbo, kwa kina Kimani, mchumba wangu, nusu ya uso ilikuwa imeshahama. Jicho moja lilikataa kufumba, kwa hivyo kila nikipepesa namkonyeza mjomba wake (mzee wa kanisa, jamani), naye akawa anatazama kofia yake tu.

Baba akanikabidhi kibuyu cha muratina. "Wambui, pombe ya hawa watu tuinywe?"

Kwetu msichana hujibu kwa kupiga funda na kumrudishia baba. Akiikataa, amemkataa mwanamume, na wageni wanaenda zao. Nikapiga funda. Likatoka lote kwa pembe ya mdomo, likalowesha gauni, na sehemu yake ikatua kwenye viatu vya mjomba.

Hata waliokuwa wakiponda mukimo, viazi na mahindi, waliacha miko hewani.

"Ametema," mjomba akasema polepole. "Tumejibiwa."

Wazee wakaanza kuinuka. Kimani alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango kwenye mvua. Nikajaribu kueleza, yakatoka mapovu. Ndipo mama akaja, akasukuma nywele zangu kando, akawaonyesha wote plasta.

"Amedungwa sindano ya taya. Nilimkataza."

Sikungoja wacheke. Nikabana upande wa midomo wenye ganzi kwa vidole, nikainamisha kichwa upande mzima kama kuku anayekunywa maji, nikameza hadi tone la mwisho, nikamrudishia baba kibuyu.

Baba akakitikisa. "Sasa mimi ninywe nini?"

Tulioana. Lakini hadi leo mama mkwe akinipa chai hunitandikia kitambaa magotini kwanza, bila neno, nami nainamisha macho. Sindano nyingine nitadungwa, taya likidai. Ila siku ya kuulizwa kama nampenda mtu, nitafika na uso wangu wote.