Udongo wa Mama

Mkewe Nives alikuwa akiwatania watu kwamba Settimio Bardini angeoa mti wa mchesnati kama padre angekubali. Hakukosea sana. Kule Pian di Rovo, kijijini kwao milimani, kila ukoo una aina yake ya chesnati, tunda la maganda ya miiba lenye kokwa inayosagwa unga, na ile ndogo nyekundu, Rossarina, ilikuwa imebaki kwa akina Bardini peke yao. Wakati wa vita waliishi kwa unga wake, ugali asubuhi na ugali jioni, na hakuna mtoto wao aliyezikwa kwa njaa.

Lakini Rossarina haioti kwa mbegu. Ukipanda tunda lake, unapata mti mwingine wa porini. Ni lazima ukate kikonyo, kijiti kichanga chenye macho, kwenye mti wenyewe mwezi wa Februari, mwezi wa angani ukiwa unapungua, ukilaze kwenye mchanga, kisha majira ya kuchipua ukibebeshe, yaani ukiunganishe, kwenye shina changa la mti wa porini. Na miti ya zamani ilikuwa imekwisha yote isipokuwa mmoja, nyuma ya kanisa dogo la Mtakatifu Rocco, mnene na wenye uwazi tumboni ambamo wachungaji walijikinga mvua. Waliuita Mama.

Settimio aliishi kwa nia moja: Mama asife bila watoto. Kila alipobebesha mche, alifanya alivyofanya baba yake. Alichota kapu la udongo chini ya Mama, akapita nao kwa padre ukabarikiwa, akaumwaga kwenye shina la mche ili mtoto amjue mzazi wake. Huku akiukandamiza kwa kiatu, alisali Salamu Maria. Mche mmoja tu aliunyima udongo huo, nao ulikuwa wa mdogo wake Adelmo, ng'ambo ya bonde. Adelmo alikuwa amebomoa kibanda cha baba yao cha kukaushia chesnati, akajenga banda la trekta. Settimio alimpa mche kwa sababu mama yao aliomba hivyo akiwa kwenye kitanda cha mauti. Udongo hakumpa, na tangu hapo hawakusemezana.

Kisha, mwaka mmoja wa mvua nyingi, mti wa kwanza ukageuka manjano katikati ya Julai. Settimio alisema ni jua. Mwaka uliofuata ukakauka, na miti ya jirani nayo ikaanza. Majani yalitoka madogo kama ya mti mgeni; maganda ya miiba ya matunda yalibaki matawini wakati wa baridi, matupu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba michesnati ya porini iliyojiotea yenyewe huko juu ilikuwa mizima. Ilikufa ile aliyoilea. Kanisani wanawake walinong'ona habari za jicho baya, na Nives akamwashia Mtakatifu Rocco mshumaa kila Jumapili.

Hatimaye alikuja bwana misitu. Alibandua ganda chini kabisa ya shina kwa kisu. Ndani palikuwa na doa jeusi lenye umbo la ulimi, likichuruzika maji meusi. Akasema huo ni ugonjwa wa wino, unaishi ardhini, unatembea na maji, majembe na viatu. Akauliza kama kuna mtu aliyehamisha udongo.

Settimio alijibu kwamba hakuna mtu wa kuiba udongo milimani. Nives ndiye aliyesema, taratibu, "Udongo wa Mama."

Walikwenda wote watatu nyuma ya kanisa. Kwa nje Mama alikuwa na majani tele. Bwana misitu alibandua ganda upande wa mtaro wa maji, na ulimi mweusi ukaonekana, mpana kuliko wote.

"Nimewalisha kwa mkono wangu," Settimio alisema.

"Mungu anajua ulikuwa hujui," Nives akamwambia.

"Mungu anajua. Miti haijui."

Kesho yake alishuka bondeni. Penye daraja alivua viatu akaviacha, akaosha miguu mtoni mpaka ikafa ganzi, akapanda ng'ambo pekupeku. Mti wa Adelmo ulikuwa umesimama nyuma ya ukuta wa mawe, wa kijani kibichi, umejaa matunda machanga. Settimio aliishia ukutani. Hakuingia.

Adelmo alitoka bandani akipangusa mikono. "Kaka! Umekuja kubomoa banda la trekta? Umechelewa, shemeji yako ameshaliwekea mapazia." Akaona miguu. "Na viatu je, umeviweka rehani?"

Settimio hakucheka. Alimweleza yote kutoka nje ya ukuta, habari za wino, udongo, na Mama. Akamwambia huo ndio mti pekee wa Rossarina uliosalimika duniani, na umesalimika kwa sababu ya chuki yake. Akaomba msamaha kwa chuki hiyo, na katika pumzi hiyohiyo akamshukuru Mungu kwa ajili ya chuki hiyohiyo.

Adelmo aliacha kupangusa mikono.

"Kaka," alisema, "siku ya Pasaka mwaka huu, mlipokuwa kwenye misa, nilipita nyuma ya kanisa." Alitazama chini. "Nilichota kapu moja la udongo. Nilisema, mti huu nao ni mtoto wa Mama. Kwa nini usipewe?"

Ilikuwa kiangazi, na vikonyo havikatwi kabla ya Februari. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Kila juma Settimio alishuka pekupeku, akasimama nje ya ukuta, na Adelmo akamletea kiti na mvinyo. Walisali rozari pamoja, huku mmoja akiwa ndani na mwenzake nje, macho yao kwenye kilele cha mti. Mwezi Novemba, baada ya Siku ya Marehemu wote, homa ya mapafu ilimchukua Settimio, Mungu amrehemu. Adelmo hakutupa udongo kaburini kama ndugu wengine. Alishusha ua tu, mikono yake ikiwa safi.

Februari, mwezi ukipungua, alikata vikonyo kwenye mti wake na kuvilaza kwenye mchanga aliouchemsha kwa maji jikoni. Nives alimshikia ngazi, akiwa amevaa soksi tu, viatu ameviacha darajani. Alipoteremka, Adelmo alipiga magoti mbele ya shina. Nives alidhani anasali. Naye akapiga magoti, ndipo akaona ganda lilivyopasuka karibu na ardhi, na kidole cha shemeji yake kimeloa maji meusi.