Karatasi ya Kuonyesha Tulikuja

Kifungua mimba wangu alizaliwa kabla ya wakati, akawekwa kwenye mashine ya joto. Siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, tulizuiliwa. Nikalala hospitalini siku tisa zaidi, mtoto mzima mkononi, kwa sababu bima ilinilipia mimi, yeye haikumjua. Kwa hivyo kamati ya waheshimiwa ilipokuja mjini na mswada wa kupunguza gharama za matibabu, ikitaka maoni ya wananchi, mimi sikungoja kubembelezwa.

Nilizunguka mtaa wetu wa Wabera nyumba kwa nyumba. Wamama wengi hapo kwetu wanaelewa Kiborana kuliko Kiswahili, na mimi nimefika kidato cha nne, kwa hivyo nikawa mkalimani. Tulikubaliana tuombe kitu kimoja tu: mtoto mchanga atibiwe kwa bima ya mama yake. Ukumbini nilisimama nikaeleza zile siku tisa. Mheshimiwa mmoja alivua miwani, akasema hilo lazima liingie kwenye sheria. Tukapiga makofi kama wajinga.

Kisha ikaletwa karatasi. Karani alisema ni ya mahudhurio tu, ndio soda zitoshe. Jirani yangu, tunayemwita Akko kwa sababu ni nyanya ya mtaa mzima, hajui kuandika. Aliniuliza mara mbili inasema nini. Nikamwambia inasema tumekuja. Nikashika kidole chake gumba, nikakichovya kwenye wino, nikakibandika mimi mwenyewe.

Sheria ilipita. Ripoti ikatumwa kwa grupu ya mtaa, nikaisoma kwa simu mwanzo hadi mwisho huku uji ukiungua. Mtoto mchanga hayumo. Siku zangu tisa hazimo. Mwishoni wameweka picha ya karatasi yetu, na juu yake wameandika kwamba wanawake wa Wabera waliukubali mswada jinsi ulivyo. Kidole cha Akko kiko pale, cheusi, mstari wa saba.

Niliwaambia wote, mlango kwa mlango, vile nilivyowakusanya. Wengine walicheka, wakasema angalau soda ilikuwa baridi.

Mwezi uliopita karani akanipigia, sauti tamu. Wanarudi, kuna marekebisho, nilete wale wamama kwa sababu wananiamini. Mjukuu wa Akko ana mimba ya mapacha, nikajipa moyo, nikaenda kwake. Alikuwa akichambua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Kidole changu ulikipeleka wapi mara ile?"

Nilitaka kusema hata mimi walinidanganya. Ni kweli. Lakini karani hakumshika Akko mkono. Nilimshika mimi.

Nilienda ukumbini peke yangu. Karatasi ilipofika kwangu niliandika kwa herufi kubwa, zikala mistari ya watu watatu: NIMEKUJA. SIJAKUBALI. Karani akasema nimeharibu fomu. Akatoa nyingine safi, akampa mama aliyekaa baada yangu.